Kikaragosi wa Dakika ya Kumi na Tisa

Oli, Arua, Desemba. Vumbi jekundu limekaa kwenye kope,
jenereta la Mama Zamuyi linakohoa nyuma ya kibanda
kama mbuzi aliyemeza kamba.
Tumeketi juu ya magogo, viatu vipya mkononi,
vimetubana tangu misa ya Ediofe.
Gauni la Ayikoru limeshonwa kubwa,
livaliwe Krismasi tatu.

Kaseti ni ileile. Katuni ya kale,
imechezwa hadi mistari ya mvua inashuka juu ya theluji.
Theluji! Anguzu, mtafsiri wetu, kipaza sauti mdomoni,
hakuwahi kuiona, wala hakukwama:
"Jamani, kwao unga wa muhogo unamwagika toka mbinguni,
hakuna wa kuukinga, watoto wanaukanyaga!"
Akina mama mlangoni waliguna kwa uchungu wa hasara.
Swala mwenye matawi kichwani akawa ng'ombe wa mahari aliyetoroka.
Mnene mwenye ndevu alipitia bomba la moshi
kwa sababu mgambo wamefunga barabara ya Koboko.

Watoto wa kiooni, wote rangi ya maziwa ya unga.
Hatukuuliza.
Nani huuliza mwezi mbona haufanani naye?

Kisha dakika ya kumi na tisa.
Sanduku la vitu vya kuchezea linafunguka,
anatoka yeye: mweusi tii, sufuria upande wa moto,
midomo myekundu imezidi uso,
macho mayai mawili ya kuchemsha.
Anabeba sinia. Anateleza. Keki inamvaa.
Wanasesere wengine wanashika mbavu.
Sekunde saba, kifuniko kinafungwa.

Tulicheka. Niandike hivyo, nisijipake mafuta.
Tulicheka hadi magogo yakatikisika,
na mimi kuliko wote.
Ayikoru peke yake, miaka sita, alinivuta mkono:
"Huyu mbona ana rangi ya baba?"

Kipaza sauti kikanyamaza.
Anguzu, aliyesema hata farasi wakinywa maji,
hakuwa na neno.
Akabonyeza. Picha ikarudi kinyumenyume,
keki ikabanduka usoni, ikatua juu ya sinia,
kikaragosi akasimama wima.
"Huyu," akasema, sauti imeshuka, "ni Draga. Fundi.
Taa zote za mji ule kazifunga yeye.
Leo kaitwa kula, alipofika wakamtupia sinia: beba.
Sikilizeni anachosema moyoni:
mwezi ukiisha narudi kwetu Vurra,
nikalale kitandani, si sandukuni."
Akaanguka tena. Safari hii
mmoja tu alicheka, akajuta.

Kila Desemba maisha ya Draga yalirefuka
ndani ya sekunde saba zilezile:
alidai mshahara, alioa, alinunua baiskeli,
mwaka wa kipindupindu alimzika mama yake kwa barua.
Tulikuja mapema kumngoja. Yule mnene na gunia lake
tulimvumilia tu.

Mwaka jana, Kampala, chumba chenye zulia na baridi ya mashine,
niliiona katuni ile bila Anguzu.
Wameisafisha, mvua ya mistari imekwisha,
unga ni mweupe mno.
Dakika ya kumi na nane nilijiweka sawa kitini.
Ya kumi na tisa: mti ukawaka,
watoto wa maziwa wakapiga makofi.
Sanduku halikufunguka.
Wamemkata.

Najua kwa nini. Mkasi ungekuwa mkononi mwangu,
sijui.
Usiku nilimpigia Ayikoru, nikamweleza yote,
mbwa wakibweka upande wake wa simu.
Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.
Kisha akauliza:
"Na baiskeli yake?"