Herufi Kumi

Baba alipozikwa, duka lilibaki na mimi:
katoni saba za sabuni, betri, mishumaa,
ndoo ya sambaza iliyoanza kunuka,
na daftari la jalada la bluu
alilokuwa akilifunika kwa kiwiko
kila mteja alipoegemea kaunta.

Ndani hamna tarakimu. Hata moja.
Jina, kisha herufi: Cirimwami, MTI. Namwezi, CHAI.
Yule fundi viatu wa Bagira, TAA.
Usiku wa kwanza niliamini baba alikuwa mshairi.
Usiku wa pili niliamini alikuwa mgonjwa.

Wa tatu, umeme ukakatika Kadutu nzima,
nikawasha mshumaa wa kuuza
nikaanza kuhesabu, maana kuhesabu ndiko alikonifundisha.
Nilitafuta A. Lugha yetu haiendi hatua mbili bila A:
baba, mama, haraka, hapana, makala.
A ilikuwepo, ila kwa uchache, kama mgeni.
Aliyeijaza nyumba ni I,
naye hupenda kukaa mkiani, mara mbili, mara tatu:
LCII. ECII. AIII.
Na Kiswahili gani hiki kisicho na K,
kisicho na N, kisicho na W,
kisichoweza kusema "ninakuja" wala "kwetu"?
Herufi kumi tu, basi.
Nikatazama vidole vyangu.

Hapo nikacheka peke yangu gizani.
Kitu gani hapa Bukavu hufuatana mkiani bila aibu
kama sufuri za faranga?

I ni sufuri. Shika hilo.
Sabuni LCII, mawese ECII, na chini ya mstari AIII:
C mbili zimegongana zikaacha sufuri,
basi C ni tano, haina pa kukimbilia,
na ile moja iliyobebwa imepanda kushoto;
L, na E, na hiyo moja, zikatoa A.
Kodi ya chumba mtaa mzima unaijua, dola themanini: MI.
Nilikwenda hivyo, kama mtu anayeshuka mteremko wetu wakati wa mvua,
mguu mmoja ushike, ndipo mwingine.

Alfajiri nilizipanga, moja hadi tisa, sufuri mwisho,
nikizingoja zitaje jina la mama,
au la mtakatifu, au la mwanamke nisiyemjua.

L E T A C H U M V I

Leta chumvi.
Miaka yote ile mezani, kabla hajaonja,
mkono umenyooshwa, macho kwenye redio:
leta chumvi.
Nami nilikimbia jikoni, nikarudi na ufunguo mkononi
nisijue.

Basi nikamsoma Mama Ntakwinja.
Kila Jumamosi alikuja, akachukua sukari, akachukua mchele,
akaondoka bila kulipa wala kuaga,
nami nilimchukia kwa bidii ya binti anayedhani ana macho.
Ukurasa wake haupandi kama kurasa za wengine. Unashuka.
HCI. HAC. HAI.
Juu kabisa, tarehe: wiki niliyolazwa Panzi
tumbo limefunguliwa, nikiwa na miaka tisa.
HAI. Najua ni hesabu tu, ni sadfa ya herufi.
Nililitazama neno hilo mpaka mshumaa ukaisha.

Dawa ya deni inajulikana.
Jumamosi sikungoja aje. Nilipanda kwake na bahasha.
Akazihesabu noti mara mbili,
akairudisha moja yenye mpasuko, nikambadilishia.
Kisha nikafungua daftari mbele yake
na chini ya LEA, kwa kalamu ya baba, nikaandika
I.

Hakuuliza ni nini.
Akanipakulia maharage.
Hayakuwa na chumvi hata chembe.
Nilikula yote, kimya.