Waridi la Shoto

Fundi Ngwali alikuwa shoto.
Nyundo ya mti kushoto, patasi kulia,
na mawaridi yake yote, Mkunazini hadi Malindi,
yamelalia upande mmoja
kama watu wanaosikiliza jirani wakigombana.

Mie mkono wangu ni huu wa kulia wali.
Lakini miaka kumi na mmoja kwenye karakana yake
nilipinda kiwiko, nikageuza ubao, nikakaa tenge,
ilimradi petali zangu zilale kule kule.

Mlango ukikwisha mteja huuliza: kazi ya nani?
Ya Ngwali.
Mfaa nimechonga mimi, miimo ni Mcha na Ussi;
yeye kapita mwisho, penseli sikioni,
kapuliza vumbi, kagonga mara tatu,
ukawa wake.
Si uongo. Tulikuwa vidole.

Mwaka wa ukarabati wa ile nyumba ya Shangani
Mfaransa mmoja, mtu wa mawe na chokaa,
alitufunulia kitabu juu ya benchi la randa:
mwanamke wa marumaru, tipwatipwa, kajiinamia,
wa kwao, wa zama za babu zetu.
Sisi hatuchongi mtu. Ussi akatazama dari.
Akasema: bwana mkubwa alifinyanga udongo tu,
jiwe walilikata vijana wake.
Jina chini ya unyayo ni moja.

"Na hao vijana?"
Akafunua kurasa. Hawakuwamo.

Ngwali alilikazia macho goti la yule mwanamke,
chai ikapoa.
"Huyu wa mguu huu alikuwa na njaa," akasema.
"Na huu wa pili kaukata mwengine."
Akafunga kitabu.

Nikatoka kwake. Nikapanga chumba Wete,
nikaapa waridi langu litasimama wima.
Nikalipima kwa bikari. Likasimama
kama askari mgeni, halijui limekuja kwa nani.
Usiku nikawasha taa, nikalilaza.

Walipomzika sikuwahi. Nikaenda Mkunazini,
kwenye mlango wangu wa kwanza, nikachutama.
Mchwa wameshaanza kizingiti.
Juu yake kidogo lipo, lile nililoliharibu
nikalipaka mafuta nikidhani hakuliona:
petali ya tatu imelalia kulia.

Na mnyororo wa pembeni, ambao alichonga mwenyewe,
uliokuwa ushuke moja kwa moja,
hapo umepinda,
ukaliachia nafasi.