Pesa ya Pole

Barua ya wilayani iliiita ruzuku ya dharura.
Sisi wa Usinge tuliiita pesa ya pole,
kama ile unayompa mfiwa, kiganja kikiwa kimefumbwa,
naye haihesabu mbele za watu.

Orodha niliiandika mimi,
katibu wa chama cha msingi, kwa kuwa nina mwandiko,
daftari juu ya mzani uliolala tangu Aprili,
nyuma yangu marobota yamepangwa hadi kwenye kenchi
na harufu ya tumbaku iliyokosa mnunuzi
inatufuata nyumbani, inaingia hata kwenye ugali.

Safu zilikuwa nne:
Mkuu wa kaya. Ekari. Kitongoji. Namba ya simu.
Kaya ni neno jembamba. Niliwashindilia watu humo
kwa magoti, kama jani ndani ya robota,
na bado wengine walibaki nje.

Shija Bundala alibaki nje.
Mwaka wa sita analima kwa mkataba wa mdomo,
anapasua kuni za bani, anakesha na moto,
ila ekari si zake, na mdomo hauna safu.
Akauliza, "Kwa hiyo korona yangu mimi ilikuwa ya kukodi?"
Watu wakacheka ndani ya barakoa za kitenge.
Nikapiga mstari, nikaita jina lililofuata.

Bi Nyamizi aliingia, kwa namba ya mumewe.
Mumewe yuko Chunya, kwenye dhahabu, mwaka wa tatu sasa.
Ujumbe ulipofika ulilia kwenye mfuko wa suruali
huko, mbali na jembe.
Kila Alhamisi alikuja, akanawa kwenye ndoo ya mlangoni,
akaketi mita moja kama tulivyoagizwa.
"Katibu, mtandao bado?"
Bado, nikasema.
Bado ni neno la ofisi. Halichoshi ulimi.

Kweli ni hii, na mkutanoni sijaisema:
orodha iliporudi imechapwa kwa mashine
mimi nilikuwa wawili.
Ngelela Kashindye, ekari tatu.
Kashindye Ngelela, ekari tatu.
Simu ikalia saa nne.
Ikalia tena saa nne na dakika mbili,
kama mgeni aliyerudia kofia yake.

Nilikaa na yule wa pili siku kumi na moja.
Nilimlisha. Nilimnunulia bati nane.
Mabaki yake nikayafunga kwenye gazeti,
nikampelekea Nyamizi usiku. Nikasema: imetoka.

Alihesabu karibu na kibatari,
noti moja moja, akilowesha kidole.
Haikutimia kile kiwango kilichotangazwa.
Akahesabu tena, taratibu, ili na mimi nione.
Kisha akanitazama bila hasira yoyote
akasema, "Pole, katibu,"
akanisindikiza hadi kwenye mihogo.

Masika yalipokuja zile bati zilikuwa na kelele zao,
kali kuliko za zamani zilizoshika kutu.
Mke wangu alisema ni upya tu, zitazoea.

Aliyezipigilia ni Shija.
Nilimlipa kibarua chake siku hiyohiyo, sikukata hata shilingi.
Alishuka kwenye ngazi, misumari bado mdomoni,
akaitema kiganjani, akaniuliza
bei ya bati siku hizi.