Bomba Chini ya Mlango

Kabla theluji haijaachia njia ya Abano,
Natela amelala chali chini ya Delika ya mumewe,
kutu ikimdondokea kopeni.

Mwaka jana jiwe liliubonda ubavu huu;
mlango wa abiria ukakataa kufunguka,
Zurabi akatokea dirishani, akitukana, akicheka.

Sasa ni bomba nene la maji, limekatwa kwa msumeno,
jeki inalipandisha kidogo kidogo.
Bolti nne zimeingia. Ya tano imegoma.
Anaipaka grisi, anaibembeleza, anaigonga.

"Litahimili?" anauliza Gela, mwanawe.

Anapanda juu ya bomba kwa miguu miwili,
anaruka.
Gari linanesa. Bomba kimya.

Mlango anaufungua, anaufunga,
anaufungua tena,
ingawa kiti kile hakina mtu.