Mpangaji

Sanduku lingali juu ya kabati la mafaili,
kadibodi ya buluu iliyochujuka upande wa dirishani,
bei yake bado imegandia ubavuni: dola mia tatu tisini na tisa.
Arlys Niemi alilinunua mwaka ule barafu
ilipokataa kutoka ziwani hadi Mei,
akalipakata kama keki ya harusi
akapanda nalo ngazi za jengo lake mjini Duluth,
orofa mbili, lifti hakuna.

Ndani mlikuwa na diski moja, kitabu kinene ambacho hakukisoma,
na herufi ishirini na tano za kufungulia programu.
Alizinakili kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati,
chini ya simu ya fundi bomba
na tarehe ya kuzaliwa ya dada yake.

Ukishalipa, umelipa.
Kitu chako, kwake, ni kile kinachozeeka nawe
bila kukuuliza neno.

Miaka kumi na saba alipanga tarakimu:
mishahara ya waoka mikate, madeni ya duka la misumari,
sadaka za kanisa la Kilutheri mpaka senti ya mwisho.
Alipanga risiti. Alipanga kodi za watu.
Namsimulia kwa lugha ambamo kupanga
ni kuweka vitu sawa,
na kupanga ni kulala chini ya paa la mwingine,
na kodi ni ya serikali, na kodi ni ya chumba.
Yeye hakulijua fumbo hilo. Lilimjia tu.

Lilikuja na Kelby, mpwa wake, na kompyuta nyembamba kwapani.
“Shangazi, masanduku yamekwisha. Sasa kila kitu kiko winguni.”
Arlys akatazama nje, juu ya ziwa.
“Wingu lipi?”
Amezeeka chini ya mawingu yale;
hajaona moja likitunza kitu. Hushusha.

Dola kumi na mbili na nusu kwa mwezi.
Akavuta kikokotoo, akazidisha kwa miaka kumi na saba,
akamgeuzia kijana kioo asome mwenyewe.
“Lakini inajisasisha yenyewe,” akasema Kelby.
“Hilo nalo,” akasema Arlys.

Februari benki ikambadilishia kadi
naye akasahau kulipasha wingu habari.
Jumanne, saa moja asubuhi, mishahara ya waoka mikate
ikafunguka na maneno mawili juu yake: Kusoma tu.
Aliziona safu zake zote, hata kosa la Ijumaa,
kama mtu aliyefungiwa nje
akitazama sufuria yake ikiungua jikoni.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa, wahenga. Na daftari lenyewe likiwa la kupanga?

Alilipa. Alilaani kwa Kifini cha bibi yake, kisha akalipa.

Mwezi wa tatu bomba la juu likapasuka usiku.
Kompyuta ikafa maji, diski ikapinda,
mafaili yakavimba kama mikate.
Maktabani, kwenye mashine ya kuazima,
akaandika jina lake na neno lake la siri,
na miaka yote ikashuka, mikavu.
Alilia kidogo, kwa hasira,
maana alikuwa hajamaliza kuchukia.

Ofisini mlango wa kabati ulikuwa umelowa.
Wino wa simu ya fundi ulikuwa umetiririka wote.
Penseli haitiririki: herufi ishirini na tano
zilikuwepo, moja moja,
ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Siku hizi, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi,
huchapa kila kitu, akakilaza ndani ya sanduku la buluu.
Juzi mashine ya kuchapa ilisimama katikati ya ukurasa
ikamwomba apange na wino.

Aliisoma ile taarifa mara mbili.
Akaichomoa waya.
Akachonga penseli.