Kinachosema na Kinachouma

Kabla sijamgusa mtu, naupima ukuta.
Ndiyo desturi. Hata ukuta husema:
tik, kisha kimya, kisha tik, tik,
kama fundi saa aliyesinzia kazini.
Naiandika hesabu yake pembeni mwa karatasi
nisije nikamsingizia mgonjwa
makosa ya matofali.

Basra, mwezi wa saba. Maji ya bomba yana chumvi,
jenereta linakohoa nyuma ya wodi,
na Lafta Mutashar, fundi wa majokofu,
amelala kifudifudi, paja wazi, nusu mwili ganzi,
ananiuliza kalamu yangu hutumia wino gani.

Si kalamu. Ni kijiti cha chuma,
nchani kina fuwele chini ya utando mwembamba,
mkiani kina waya, na waya unaingia kisandukuni
alichokiunga Bi Nuhad wa chuo kikuu
kwa vipande vya redio mbili mbovu
na subira ya mtu mmoja.
Hakioni kitu. Ni sikio.

Eksirei imetundikwa dirishani:
vyeupe viwili ndani ya kijivu cha nyama,
na nukta ya tatu ambayo Daktari Sabih
aliifuta kwa kidole, akidhani ni vumbi.
Eksirei ni shahidi aliyeona yote
asijue jina la yeyote.
Kipi ni bati la kifaru alichokiendesha,
kipi ni urani ya kombora lililokichana?
"Miaka thelathini na miwili," anasema Lafta,
"nimewapangisha hawa, na kodi sijaona."

Kisu. Damu. Pamba. Njia.
Naingiza sikio.

Cha kwanza: hesabu ya ukuta.
Cha pili, kile kikubwa kilichoegemea mshipa wa fahamu,
kile kinachompandisha ngazi
kama mtu anayekwenda kuomba deni:
hesabu ya ukuta.
Nikasogea kidogo kuelekea gotini,
mahali ambapo hajawahi kulalamikia,

na kisanduku kikaanza kukaanga bisi.

Tulinyamaza sote. Jenereta nalo, naapa,
lilipunguza pumzi.
Kibano kikatoka na kitu kidogo kuliko ufuta,
cheusi, chenye ukungu wa manjano
kama mkate uliosahauliwa.
Juu yake, kwenye sahani: bisi.
Ndani ya jeraha: ukuta.

Lafta akageuza shingo. "Huyo?
Huyo hata sikujua kama yumo.
Anayenila usiku ni yule mkubwa."
Nikamwambia yule mkubwa ni chuma tu,
chuma cha kifaru chako, hakina neno.
"Hakina neno!" Akacheka
mpaka daktari akamwomba atulie,
na bado hakumwambia kwamba hakitoki,
kwamba kukitoa ni kuuza mguu.

Miaka tisa nimekwenda mbio nyuma ya sauti,
nikidhani kilicho kimya kimesamehe.

Ile chembe tukaitia kwenye chupa ya risasi.
Neno ni lile lile:
la kinachotoboa na la kinachokinga.
Tukaipa namba. Kabati. Kufuli.

Baada ya nyuzi kumi na moja
aliniomba cheti, si cha daktari, changu.
"Mke wangu Nadhima hulala chumba cha pili
tangu aliposikia habari ya urani.
Mwandikie ninasema kiasi gani."
Nikampima tena, kutoka kiuno hadi kisigino,
polepole, kama anayepiga pasi shati la harusi.
Nikaandika: *Sawa na ukuta.*
Nikagonga muhuri mara mbili.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.
Lifti imekufa tangu Ramadhani.
Nilisimama mlangoni nikamsikiliza akishuka,
mguu mzima, kisha kimya, kisha ule mwingine,
ngazi arobaini na mbili.
Kifaa nilikuwa nimekizima.