Tarakimu ya Mwisho

Wimbo wangu una dakika tatu na sekunde kumi na nne,
na jogoo wa Mama Nankanga sekunde ya hamsini,
kwa kuwa studio ya Chilumba ni chumba chenye magodoro ukutani
na dirisha lisilofunga.
Tulimwacha jogoo. Kurudia ni elfu tano.

Nikatoa kopi mia za picha yangu. Imetoka nyeusi tii,
meno tu ndiyo yanayojulikana.
Nikapika uji wa muhogo, nikaufanya gundi,
nikabandika kutoka stendi ya Masasi hadi Mkuti.
Kulipokucha mbuzi wamekwisha kula ukumbi, tarehe, na kiingilio;
wamebakiza jina: Somoe wa Chiungutwa.
Hata mbuzi, nikajipa moyo, wanajua pa kuishia.

Redioni nilimkabidhi flashi kijana wa mapokezi.
"Wimbo mzuri," akasema kabla ya kuusikiliza,
"ila wimbo nao hupanda gari, dada. Una nauli."
Nauli yake gunia zima la korosho, daraja la kwanza.
Nikamwambia wangu utakwenda kwa miguu.

Basi ukaenda.
Kwa Mchopa, anayejaza nyimbo kwenye memori kadi,
thelathini kwa shilingi elfu moja,
nilimsihi wangu uwe wa thelathini na moja,
nyongeza,
kama kiganja cha dagaa juu ya fungu lililokwisha kulipiwa.

Na mwisho wa wimbo, ngoma ikishanyamaza,
niliimba namba yangu ya simu
polepole, tarakimu moja moja,
kwa mwenye harusi, mwenye unyago, mwenye kipaimara.
Chilumba alicheka. Cheka, nikamwambia,
duka lisilo na kibao hupitwa na mwenye njaa.

Agosti, kimya. Septemba, kimya.
Nilitoa betri, nikaifuta kwa khanga, nikairudisha.
Mpigaji pekee alikuwa mtandao wenyewe
ukinikumbusha deni la salio.

Oktoba, ghala la chama cha msingi.
Foleni imezunguka jengo na kujikuta mkia.
Mimi na mama tumekalia kilo zetu sitini na mbili,
wapakizi wanarushiana magunia,
mara nikasikia namba yangu.
Sifuri, hup! Saba, hup!
Kila tarakimu gunia moja, bega linapokea.
Wimbo wenyewe hawauimbi. Namba tu.
Na ya mwisho wameikosea:
mimi nilisema nne, wao wanasema nane,
maana nane hujaza kinywa mzigo unapotua.

Nikamuuliza mmoja, vumbi hadi kwenye kope:
"Huo ni wimbo wa nani?"
"Wa kazi," akajibu. "Sogea, dada, utaumia."

Usiku nikaipiga ile yenye nane.
Akapokea mwanamume, sauti ya mtu aliyesumbuliwa sana.
Yuko Nachingwea, fundi cherehani.
"Wewe ni wa kumi na tisa," akasema.
"Kama unamtaka mwimbaji, si mimi."
"Ni mimi," nikasema.
Nikasikia cherehani ikisimama.

Akanisomea kutoka daftari la vipimo vya watu,
kati ya viuno na mikono ya mashati:
harusi, Ruponda, tarehe saba.
Unyago, Lukuledi, wanauliza bei.
Mtu wa Ndanda, hana shughuli yoyote,
alitaka tu kujua kama yule jogoo ni wa kweli.
"Wote nimewaambia uko safarini.
Huyu wa Ruponda nilimtajia bei. Nilikadiria.
Unisamehe kama nimekupunja."

Hakunipunja. Mimi ningetaja nusu yake.
Nikamwambia nikirekodi tena
ile ya mwisho nitaitamka kwa nguvu, apumzike.
"Iache," akasema. "Nimeshazoea kuulizwa."
Kisha: "Ruponda utavaa nini?"
na nikasikia ukurasa ukifunuliwa.